Mzee aulizwe kuhusu choo chake kabla ya kuruhusiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie maisha ya mzee anayerudi nyumbani baada ya upasuaji, jambo ambalo mimi nililijua nikiwa nimeshachelewa. Mimi ni mwalimu mstaafu wa miaka 71, mkazi wa Tanga. Miezi michache iliyopita niliteleza uani alfajiri nikienda kutia udhu, nikavunjika shingo ya mfupa wa paja, nikafanyiwa upasuaji na kuwekewa nyonga bandia. Kuhusu upasuaji wenyewe sina lalamiko: madaktari walinieleza watakachofanya, wauguzi walinisimamisha siku ya pili, na siku ya nane nikaambiwa nimeruhusiwa.

Taabu ilianzia hapo. Nilikabidhiwa karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza, vidonge, magongo, na maelezo ya haraka huku mgonjwa mwingine akisubiri kitanda changu: nisiinamishe nyonga kupita pembemraba, nisikunje nne, nisikalie kitu kilicho chini ya usawa wa magoti, kwa wiki 6 hadi 12, kwa sababu nyonga mpya inaweza kuchomoka kabla nyama zinazoizunguka hazijashika. Kila neno nilijibu ndiyo. Hakuna aliyeniuliza nyumbani kwangu natumia choo cha namna gani.

Choo changu, kama vya majirani zangu wengi, ni cha kuchuchumaa, nacho kiko uani, ngazi mbili chini ya mlango wa nyuma. Mtu aliyekatazwa hata kukalia kigoda atachuchumaaje? Swali hilo lilinijia nikiwa ndani ya bajaji, ambayo kiti chake nacho ni cha chini. Siku za mwanzo nilikula kidogo na kunywa kidogo ili nisihitaji kwenda chooni. Mtu mzima huona haya kusimulia mambo haya, lakini nayasimulia kwa kuwa naamini siko peke yangu. Nikafunga choo, navyo vidonge vya maumivu vya aina niliyopewa huzidisha tatizo hilo, na nguvu zilizokuwa zimeanza kurudi zikaniishia.

Aliyeniokoa ni fundi seremala wa mtaani kwetu. Alikuja na kiti cha mbao chenye mikono, akapima kwa kamba kutoka kisigino changu hadi nyuma ya goti, akairefusha miguu ya kiti ili kizidi kipimo hicho kwa inchi mbili, akakata tundu la duara katikati, akalipiga msasa hadi mke wangu alipopitisha kiganja na kuridhika, kisha akakipaka rangi ya mafuta ili kioshwe kwa maji. Kiti kikawekwa juu ya tundu la choo. Gharama yake ilikuwa shilingi 30,000. Kitanda tulikiinua kwa matofali manne, moja chini ya kila mguu.

Kisha wakaja wageni. Watu wetu hawamtupi mgonjwa, na waliokuja na uji, machungwa na dua siwezi kuwahesabu, ila karibu wote walikuwa na agizo moja: "Mwalimu, lala, usijisumbue." Mtaalamu wa mazoezi alikuwa ameagiza kinyume, kwamba nitembee kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku, kwa kuwa mzee akilala mfululizo damu huweza kuganda kwenye mishipa ya miguu, kifua hujaa makohozi na mgongo huota vidonda. Shemeji yangu, mtu mwema kabisa, aliponiona najaribu kusimama alinishika makwapani akanivuta juu, na maumivu yale sijayasahau. Aliyeelewa ni mjukuu wangu wa darasa la tano. Alichora mistari ya chaki kwenye sakafu ya sebule, kila siku akiusogeza ule wa mwisho, na mgeni akiniambia nilale, yeye humjibu, "Babu bado hajamaliza."

Wiki ya tatu shavu la mguu wangu mmoja lilivimba na kuuma. Nilidhani ni uchovu wa mazoezi. Mke wangu, ambaye ndiye aliyekuwa muuguzi wangu, hasomi Kiingereza, nami niliyefundisha Kiswahili na Historia Kiingereza cha hospitali kinanishinda. Kijana wetu alipofika Jumamosi aliisoma ile karatasi, akakuta imeandikwa wazi kwamba dalili hiyo ni ya kurudi hospitali mara moja. Nilikutwa na bonge la damu kwenye mshipa, nikaanzishiwa dawa. Onyo tulikuwa nalo kabatini wakati wote.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, na mjadala wetu mara nyingi umekuwa juu ya msamaha wa gharama na dirisha la wazee, mambo ambayo yanaishia kwenye geti la hospitali. Ninachoomba ni kwamba karatasi ya kuruhusiwa iandikwe kwa Kiswahili, dalili za hatari zikiwa juu kabisa pamoja na namba ya simu, na kwamba mgonjwa aulizwe mapema, si siku ya kuondoka, kuhusu choo, kitanda na mtu atakayebaki naye. Najua wauguzi ni wachache, lakini maswali hayo hayamalizi dakika tano. Aidha, Serikali ilizindua mwaka 2024 mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mhudumu wa mtaa akijulishwa kwamba kuna mzee aliyerudi kutoka kwenye upasuaji, akapita hata mara moja katika wiki ya kwanza, mguu kama wangu hautavimba bila mtu kujua maana yake.

Kile kiti sasa kiko kwa jirani, bibi wa miaka themanini na ushei aliyevunjika kama mimi. Binti yake alikuja kukiomba siku moja kabla ya mama kuruhusiwa, kwa kuwa habari zake alizisikia kwenye shughuli ya mtaani. Hospitalini hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Mwalimu mstaafu,
Tanga