Risala ya Kikundi cha Familia za Wafiwa, Mombasa, kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mzee wa mtaa, viongozi wa dini, wafiwa wenzetu, itifaki imezingatiwa. Asalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Kikundi chetu kilianzia nje ya mochari, wanawake wanne wakigawana chupa moja ya chai. Tangu hapo tumepiga hatua kubwa mno. Tuna viti 20 vya plastiki, tuna muhuri, tuna daftari la tarehe za korti, na tuna akaunti ya benki ambayo, tunafurahi kukuarifu, haijafungwa.

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tukupigie simu mara sita.

Mtu akifia mikononi mwa polisi au gerezani, Sheria ya Mwenendo wa Jinai inamtaka hakimu achunguze amekufaje. Hiyo ndiyo inkwesti. Hakuna mshtakiwa, lakini hakimu akiona kuna mtu wa kujibu, anaweza kuamuru aletwe kortini. Si jambo dogo. Siku hiyo wakili wa serikali yupo na faili lake, afisa anayetajwa yupo na wakili wake, na mama wa marehemu yuko benchi la nyuma, amekumbatia mfuko wa nailoni wenye kitambulisho cha mwanawe. Mwenzetu mmoja alizionea picha za upasuaji wa maiti pale pale, hakuna aliyemwambia, "Mama, inama kidogo." Alitoka akaketi kwenye ngazi. Korti ikaendelea. Mwingine alitoka Lunga Lunga alfajiri, kufika akaambiwa hakimu yuko likizo, arudi baada ya miezi mitatu. Nauli ile ilikuwa ya unga.

Mheshimiwa, hatuombi jengo. Tunaomba mtu mmoja: msaidizi wa kisheria, mwenye mshahara wa mwaka mzima, wa kufuatilia faili, kutusomea ripoti ya daktari kwa lugha ya nyumbani, kupiga simu jioni kwamba kesho kesi haipo, na kukaa benchi moja na mama yule. Wasaidizi wa aina hiyo wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016. Kinachokosekana ni wa kuwalipa.

Ombi hili si geni. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alilipokea kwa machozi. Wa mwaka jana, Mungu ampe umri, alitukabidhi hundi kubwa ya kadibodi tukapigwa picha nayo. Mweka hazina wetu amekwenda benki mara tatu. Hundi bado tunayo. Ndiyo hiyo inayozuia mvua dirishani, nyuma ya kiti chako, na kwa hilo tunamshukuru.

Ukirudi Bungeni, utukumbukie pia Sheria ya Huduma ya Korona ya 2017; korona hapa si ugonjwa, ni afisa wa kuchunguza vifo vya kutiliwa shaka. Ilipitishwa, kisha miaka ikapita bila Korona Mkuu. Ndugu zetu waliofiwa katika msitu wa Shakahola, kule Kilifi, ambako waumini wa dhehebu moja walikufa kwa kufunga kula, walianza kuona makaburi yakifukuliwa Aprili 2023. Maiti za kwanza zilikabidhiwa familia Machi 2024. Lakini hilo ni la Bunge, na sisi tunajua Bunge lina shughuli nyingi. Letu ni mshahara wa mtu mmoja.

Inkwesti ya mwenzetu wa Lunga Lunga inatajwa tena Alhamisi ijayo, saa tatu asubuhi. Benchi la nyuma lina nafasi, Mheshimiwa.

Ni sisi wanakikundi,
Katibu, kwa niaba ya kamati.