"Perennial" si "ya kila mwaka"

Mhariri,

Kwenye kurasa za kilimo kuna kosa la tafsiri ambalo halikomi, na linamtia mkulima hasara. Neno la Kiingereza "perennial" huandikwa "ya kila mwaka". "Annual" nalo huandikwa hivyo hivyo. Maneno mawili yanayopingana yanavishwa kanzu moja.

Yote mawili yana asili ya Kilatini, katika neno annus, yaani mwaka. Kinachopoteza watu ni per. Katika "per annum" ya mikataba ya mikopo, per ni "kwa kila". Katika perennis, neno lililozaa "perennial", per ni kupita mwanzo hadi mwisho: kitu kinachovuka mwaka bila kukatika. Waingereza walilichukua karne ya 17, kwanza kwa mimea isiyopukutisha majani, baadaye kwa mmea wowote unaoishi zaidi ya miaka miwili. Ndiyo maana mbuyu, unaobaki mtupu kiangazi, nao umo.

Sasa tazama lebo ya dawa ya magugu. Dawa nyingi zinazopuliziwa kabla magugu hayajachomoza huua mbegu zinazoota tu, na lebo husema ni za "annual weeds", yaani magugu yanayoota, kuzaa mbegu na kufa ndani ya msimu mmoja. Ukiandika "magugu ya kila mwaka", mwenye shamba lenye sangari, lile gugu la jamii ya nyasi, atasema ndiyo yenyewe, maana sangari humsumbua kila mwaka! Atanunua, atapuliza, na sangari litachipua kama kawaida, kwa sababu halitegemei mbegu. Lina mashina yanayotambaa chini ya udongo, na kila kipande chenye pingili ni mche mpya. Ukililima kwa jembe la kawaida unalikatakata na kulizidisha. Hung'olewa kwa jembe uma, mashina yakatoka marefu, yakakusanywa na kukaushwa juani. Ndago, gugu jingine, ni vivyo hivyo: ukivuta majani, kamba yake ya chini ya udongo hukatika na vinundu hubaki ardhini vikichipua. Haya ni magugu ya kudumu, na dawa yake ni ile inayopenya kutoka kwenye majani hadi chini, ikipulizwa yakiwa mabichi na yanakua. Ile ya kuunguza majani huacha mzizi mzima.

Wengine huandika "milele". Hapana. Mkonge huishi miaka kadhaa, hutoa mlingoti wa maua mara moja, kisha hufa. Shina la mgomba hufa baada ya mkungu mmoja. Kinachodumu ni kisiki kinachotoa machipukizi. Vyote viwili ni "perennial", na hakuna hata kimoja cha milele.

Neno letu lipo tayari: kudumu, ndugu wa daima, yote kutoka Kiarabu, na ndani yake mna kuendelea bila kukoma. Mabwana shamba husema mazao ya kudumu, na mto usiokauka kiangazi ni mto wa kudumu. Basi "perennial" iwe "ya kudumu", na "annual", kwa mimea, iwe "ya msimu mmoja".

Na "biennial", kama karoti na kabichi, ni mmea wa miaka miwili: wa kwanza hukuza mzizi au majani, wa pili hutoa maua na mbegu. Usiandikwe "wa kila baada ya miaka miwili", mkulima akadhani anapaswa kuruka mwaka kabla ya kupanda tena.

Msomaji wako,
Morogoro