Samaki wa ziwani si wa kuliwa mbichi, hata akiitwa sushi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nieleze jambo nililoliona hapa mjini Kigoma mwezi uliopita, ambalo nimeshindwa kulinyamazia. Katika hoteli moja, ambayo sitaitaja kwa sababu nia yangu ni kurekebisha na si kuharibu biashara ya mtu, niliagiza chakula cha Kijapani nilichokiona kwenye orodha kwa jina la sushi. Nililetewa migebuka, samaki wetu wa Ziwa Tanganyika, ikiwa mbichi, imekatwa vipande vyembamba na kulazwa juu ya wali wa baridi, kando yake kukiwa na mayonezi na pilipili ya chupa. Nilimwita mhudumu, nikamuuliza samaki huyo amevuliwa lini na amehifadhiwa wapi. Alinijibu kwa adabu kwamba ni samaki wa asubuhi ile ile, ametoka mwalo wa Kibirizi moja kwa moja, hata barafu haijamgusa. Aliyasema hayo kama sifa. Nilirudisha sahani bila kuionja, nikalipa, nikaondoka.

Mimi ni bwana afya mstaafu. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kukagua mialo, mabucha na majiko ya hoteli katika mkoa huu, na ninaandika kwa uzito wa kazi hiyo. Naomba nisidhaniwe kuwa ni mzee wa Ujiji anayeogopa vyakula vya wageni. Wajapani hawakuanza kujulikana kwetu jana: tangu mwaka 1965 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto, wakiongozwa mwanzoni na Toshisada Nishida, wamekuwa wakiwafuatilia sokwe wa milima ya Mahale, na Watongwe wa huko wamefanya kazi nao porini kwa miongo mingi. Chakula chao nacho nimekila, tena nimekifurahia, na ni kwa sababu nimekila kinavyostahili kuandaliwa ndipo nikapata uchungu nilipoiona ile sahani.

Ilikuwa Dar es Salaam, mwaka jana. Mpwa wangu alinipeleka katika mgahawa wa Kijapani kunishukuru kwa shughuli fulani ya kifamilia. Tulikaa kwanza kwenye kaunta, mbele ya mpishi aliyekuwa amesimama nyuma ya kabati la kioo lenye baridi. Nilimtazama mikono. Alichovya vidole katika bakuli la maji yenye siki, akachota wali wa kiasi cha tonge dogo, akaufinyanga mara mbili tatu kwa vidole viwili vya mkono wa kulia, akapaka chembe ya wasabi, kiungo kikali cha Kijapani, kwenye kipande cha jodari, akakilaza juu ya wali na kukikandamiza taratibu. Kila baada ya kukata samaki aliufuta ubao na kisu kwa kitambaa chenye unyevu alichokikunja mraba, na kitambaa hicho hakikutumika kufuta kitu kingine chochote. Nimekagua majiko mengi, lakini ni machache niliyowahi kuyaona yakiheshimu kitambaa namna ile.

Mpwa wangu akanisogezea sahani. “Mjomba, anza na hii.”

Kabla ya kuanza nilimuuliza mpishi swali lile lile ambalo baadaye nilikuja kumuuliza mhudumu wa hapa Kigoma. Alikuwa kijana wa Kasulu, jambo lililonipa faraja. Aliniamkia, kisha akasema: “Mzee, huyu amelala kwenye friza siku saba, nyuzi ishirini chini ya sifuri. Bila hivyo kisu changu hakimgusi.” Jibu hilo linalingana kabisa na maelekezo ya Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, inayotaka samaki wa kuliwa mbichi agandishwe kwa siku 7 kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, au agandishwe kwenye nyuzi 35 chini ya sifuri na kukaa humo kwa saa 15, ili lava wa minyoo waliomo ndani ya nyama wafe. Mgeni wa mambo haya hudhani ubora wa sushi ni samaki kutoka majini muda huo huo. Kijana wa Kasulu alijua kwamba samaki wa kuliwa mbichi lazima kwanza apite kwenye baridi kali.

Tena neno lenyewe linatumiwa vibaya. Sushi ni ule wali uliotiwa siki, sukari na chumvi, pamoja na kinachoambatana nao, ambacho kinaweza kuwa yai, tango, kamba aliyechemshwa au mboga iliyoviringishwa katika mwani. Samaki mbichi anayeliwa bila wali ana jina lake, sashimi. Na asili ya sushi, kwa sisi watu wa ziwa, ni somo kubwa. Ilianza kama njia ya kuhifadhi samaki, na mfano wake wa kale bado upo kando ya Biwa, ziwa kubwa kuliko yote nchini Japani. Huko samaki wa jamii ya kapu (carp kwa Kiingereza) hutiwa chumvi kwa miezi kadhaa, kisha hupangwa ndani ya mapipa pamoja na wali, wakaachwa wachachuke kwa muda mrefu, mara nyingi mwaka mzima au zaidi, mpaka ukali wa wali uliochachuka uwahifadhi. Lile tonge la wali lenye kipande cha samaki juu yake lilikuja baadaye sana, katika karne ya 19, kwenye vibanda vya mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, nalo lilitumia samaki wa baharini, ambao wengi wao walikolezwa kwanza kwa siki au mchuzi wa soya, au walipikwa. Hata mkunga wa maji baridi, anayependwa sana Japani, huchomwa. Hapelekwi mezani mbichi, kwa kuwa damu yake ina sumu.

Basi mwenye hoteli anayemkata mgebuka wa asubuhi na kumlaza juu ya wali hafuati desturi ya Kijapani, bali amechukua picha ya chakula na kuiacha kazi iliyomo ndani yake.

Hatari yenyewe ina sura mbili, na wenye hoteli wengi wakielezwa huisikia moja tu. Ya kwanza ni minyoo. Samaki wa maji baridi katika sehemu nyingi za dunia hubeba lava wa tegu na wa minyoo wengine, na lava hao huvuka hadi kwa binadamu pale nyama inapoliwa bila kupikwa. Hao baridi kali huwaua. Sura ya pili ni bakteria, na hapa friza haimsaidii mtu, kwa sababu bakteria wengi hulala tu kwenye baridi na huamka joto likirudi. Mkoa huu haustahili kukumbushwa habari ya kipindupindu. Mwezi wa Mei mwaka 2015, wakimbizi wa Burundi walipojazana Kagunga, kwenye ufukwe wa Ziwa Tanganyika, ugonjwa huo uliua watu, na wengi wetu tuliokuwa kwenye kazi ya afya bado tunayakumbuka yale maturubai.

Anayetaka kujua kwa nini ninaunganisha mambo haya mawili na aende Kibirizi alfajiri. Wavuvi wanarudi kutoka kwenye taa zao, dagaa na migebuka wamelala chini ya mtumbwi ndani ya maji yaliyokanyagwa usiku kucha. Samaki anashushwa kwenye beseni, anasuuzwa kwa maji yale yale ya ufukweni ambako watu wanafua na kuoga, anamwagwa juu ya turubai au mchanga, anahesabiwa, anapandishwa pikipiki. Sisemi hayo kuwadharau wavuvi, ambao jasho lao ndilo limelisha mji huu. Nasema kwamba mpango huo wote, tangu wavu hadi sokoni, umejengwa juu ya matumaini ya moto. Mgebuka huyo akishaingia kwenye mawese yanayochemka, pamoja na nyanya na kitunguu, na ukamla kwa ugali wa muhogo, yale ya ufukweni yamekwisha. Ukiuondoa moto, huna budi kuubadilisha mpango mzima kuanzia mtumbwini: barafu safi, maji salama, sanduku lenye kifuniko, friza yenye kipimajoto ambayo haizimiki umeme ukikatika. Sijaiona hoteli hapa mjini iliyofanya hivyo.

Kuna upande wa pili wa mgahawa ule wa Dar es Salaam ambao natamani mwenye hoteli wetu angeuiga. Baada ya kaunta tulihamia kwenye meza iliyozungukwa na watu wanane, katikati yake pamewekwa bamba pana la chuma lililokolezwa moto kwa chini. Wamarekani huita upishi huo hibachi, ingawa Japani hibachi, yaani bakuli la moto, ni kitu kama seredani yetu, chombo cha makaa cha kupasha nyumba joto. Jina sahihi ni teppanyaki, kuchoma juu ya bamba la chuma, na upishi huo si wa kale: unatajwa kuanzia katika mgahawa wa Misono mjini Kobe mwaka 1945, na ukapata umaarufu Marekani baada ya Hiroaki Aoki kufungua Benihana mjini New York mwaka 1964. Mpishi alimwaga mafuta, akaweka vitunguu vikalia, akalaza samaki upande wa ngozi na kumkandamiza kwa mwiko bapa, na pembeni akakaanga wali wa jana kwa yai na soya. Yote yalifanyika mbele ya macho yetu. Hapakuwa na mlango wa jiko wa kuficha kitu, na kwa mkaguzi hilo ni jambo la thamani kuliko cheti kilichotundikwa ukutani. Wale watu wanane hatukuwa tukijuana, lakini kabla samaki hajageuzwa upande wa pili tulikuwa tukizungumza kama majirani.

Chakula hicho kinatufaa. Mchele wa Tabora, ambao punje zake hazishikani na kwa hiyo hausumbui kukaangwa ukishalala usiku mmoja, unafika hapa kwa treni. Samaki tunao, moto tunao, na wageni wanaopita mjini wakielekea hifadhi za Gombe na Mahale wangependa kumwona mgebuka akichomwa mbele yao. Mimi mwenyewe nilimwomba fundi wa kuchomelea pale Mwanga anikatie bamba la chuma nene, nikaliweka juu ya jiko la mkaa nyumbani. Wajukuu hawataki tena samaki wa kukaangwa kwenye sufuria.

Nilirudi kwenye hoteli ile wiki moja baadaye nikazungumza na meneja. Alinisikiliza kwa heshima, akanieleza kwamba wageni wa nje wanaiulizia sushi hiyo. Sahani bado ipo kwenye orodha. Kwa hiyo nawaomba maofisa afya wa Manispaa ya Kigoma Ujiji, ambao wengi wao nimewafundisha kazi, waingie katika majiko yanayouza samaki mbichi, waulize friza ina nyuzi ngapi, samaki ameingia humo tarehe ngapi na amesuuzwa kwa maji gani, na pasipo na majibu yaliyoandikwa chakula hicho kiondolewe siku hiyo hiyo. Meneja naye nimemwachia vipimo vya bamba langu. Akilichonga, migebuka ya siku ya kwanza nitaileta mimi kutoka Kibirizi, ikiwa ndani ya barafu.

Mstaafu wa idara ya afya,
Ujiji, Kigoma