Nimeandika jina lako kwenye fomu

Majengo, Mombasa
Jumapili usiku

Shoga yangu Zuhura,

Salaam aleikum. Huku hatujambo, mama hajambo, magoti yake ndiyo yaleyale, na Athumani bado asema ataoa mwaka ujao. Habari za Lamu utanipa wewe. Tangu Idi hujaniandikia hata neno, nami nimekusamehe kwa sababu nina shida nawe.

Kazi nimepata. Usipige vigelegele kwanza. Ni Sudan Kusini, mji waitwa Bentiu, mwaka mmoja, uuguzi wa lishe ya watoto. Unakumbuka Januari 2025 pesa za misaada za Marekani ziliposimamishwa, tukaambiwa asubuhi tusifungue hata faili moja la mgonjwa? Tangu siku hiyo nimeuza bajia, nimeuza friji, na Fuliza, ile mikopo ya M-Pesa, imenijua kwa jina. Kwa hiyo usiniulize kwa nini nimekubali.

Sasa sikiza habari ya fomu.

Walitupeleka mafunzo ya usalama nje ya Nairobi, siku tatu. Siku ya pili gari likasimamishwa na watu waliofunika nyuso, tukavishwa magunia kichwani, tukalazwa kifudifudi kwenye nyasi. Nilijua ni maigizo. Yule aliyekuwa akinifokea nilimwona asubuhi akigombania chapati ya mwisho! Nikacheka ndani ya gunia. Kisha, wallahi, nikalia, na hata waliponivua gunia sikuweza kunyamaza. Jioni ndipo wakatugawia fomu. Wataka swali ambalo jibu lake lajulikana na mimi na mtu mmoja tu, lisilopatikana Facebook, ili nikitekwa wawaulize watekaji, na jibu likija sawa wajue ni hai. Nikaandika: mtungi wa bibi, siku ile ya Idi, aliuvunja nani?

Basi siri yetu ya miaka 22 iko kwenye kabati la ofisi Nairobi. Kaka yako aliyechapwa bure asijue.

Chini ya hapo waliuliza mtu wa kupigiwa simu. Nimeandika jina lako. La mama sikuliandika.

Mama anajua naenda Juba. Wala sikumdanganya, Juba nitapita, ndipo nipande ile ndege ndogo ya Umoja wa Mataifa. Kwake Juba ni kule mtoto wa Mzee Kombo alikouza vipuri vya pikipiki akarudi na kitambi. Bentiu hajaisikia, naomba asiisikie redioni. Vita vilipozuka Desemba 2013 watu walikimbilia kwenye kambi ya Umoja wa Mataifa hapo, na wengi hawajarudi kwao hadi leo. 2021 yakaja mafuriko yaliyogoma kuondoka. Mji, kambi na uwanja wa ndege vyote vimezungushiwa tuta la udongo, na nje ya tuta ni maji matupu palipokuwa malisho ya ng'ombe. Kuna wanaokula mizizi ya yungiyungi. Mie nitapima watoto mikono kwa ule utepe wa rangi: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, huyo anaanza dawa na lishe papo hapo. Nimeujaribu kwa mtoto wa dada, yule bonge, akadhani namvisha bangili.

Amani yenyewe ndiyo hivyo. Mkataba wa amani wa 2018 unayumba, Riek Machar, aliyekuwa makamu wa kwanza wa rais, aliwekwa kizuizini Machi 2025. Mwalimu wa mafunzo alitutajia wafanyakazi wa misaada waliouawa duniani 2024: 383. Wengi wao wenyeji wa mahali penyewe, wale wanaobaki sisi wageni tukipakiwa ndegeni. Nikamfikiria huyo muuguzi wa kule nitakayekaa naye meza moja, ambaye simjui bado. Yeye kwenye fomu yake ataandika nani wa kupigiwa, na jamaa zake wote wako ndani ya tuta hilohilo?

Lakini nilikuwa nakwambia habari ya fomu. Kuna sehemu ya mwisho nimeiacha wazi. Yauliza mwili upelekwe wapi na kwa taratibu za dini gani. Dini nimeandika. Hapo pa mwili kupelekwa kalamu ikakataa, maana sisi maiti hatulazi, na kutoka Bentiu hadi Mombasa si mwendo wa alasiri moja. Ningekuuliza ana kwa ana, lakini ungelia, nami ningelia, na mama angetoka jikoni kuuliza kuna nini.

Niambie basi. Umekubali, au nitafute mwengine? Ile simu yako bado yazimika kila ikifika magharibi? Wakikupigia, utapanda basi uje kwa mama mwenyewe? Usimwambie kwa simu, Zuhura, nakuomba. Kikohozi cha mtoto kimeisha? Yule fundi aliyekula pesa ya mlango alirudi? Na hiyo sehemu iliyo wazi, wewe waonaje, niandike makaburi ya Kikowani karibu na baba, au niandike hukohuko?

Fomu yatakiwa Alhamisi. Nijibu japo kwa mstari mmoja, na simu hiyo nunua betri mpya, pesa nitakutumia.

Wako,
Mishi