Risala ya Klabu ya TEHAMA kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Nne, Newala, Mtwara

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na walezi, wahitimu na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyekufikisha salama hapa Newala, nawe tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kukaa nasi. Karibu sana. Kabla hatujaendelea tuna ombi moja kwa hadhara hii: simu ya mzazi ikilia katikati ya risala, tusimtazame vibaya. Huu ni msimu wa korosho, na habari za mnada hazisubiri mahafali.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwaka huu uongozi wa shule umetupa sisi wa Klabu ya TEHAMA nafasi ya kusoma risala. Tumeamua kuzungumzia kompyuta isiyohitaji waya, ile ambayo mzazi anatembea nayo mfukoni lakini mwanawe anaisoma kwa michoro ubaoni.

Tarehe 3 Aprili 1973, Martin Cooper wa kampuni ya Motorola alisimama barabarani New York akapiga simu ya kwanza ya mkononi. Ilipita miaka kumi ndipo simu ya aina ile, DynaTAC 8000X, ikaruhusiwa kuuzwa Marekani. Ilikuwa na uzito unaokaribia kilo moja, bei yake dola 3,995, na ukiichaji saa 10 unaongea kama nusu saa tu. Nchini kwetu kampuni ya kwanza ya simu za mkononi, Mobitel, ilianza kazi mwaka 1994. Kutoka mzigo ule hadi simujanja anayoinunua kijana wa bodaboda kwa fedha ya korosho, kuna mambo ambayo kwa kawaida hayasemwi, kwa sababu watu husifu minara peke yake. Betri ya lithiamu-ioni, inayochajiwa tena na tena, ilianza kuuzwa na kampuni ya Sony mwaka 1991, na wanasayansi watatu walioiwezesha, Goodenough, Whittingham na Yoshino, wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Nazo chipu zinazotumia umeme kidogo, za usanifu unaoitwa ARM, zilianzia mjini Cambridge, Uingereza, mwaka 1985, na leo karibu kila simujanja duniani inaendeshwa na usanifu huo. Bila betri nyepesi na chipu isiyokula umeme, mnara ungesimama pale kilimani bila wa kuzungumza naye.

Vizazi vya mitandao tutavipitia haraka, maana vimo vitabuni. Cha kwanza kilianza Tokyo mwaka 1979, 2G Finland mwaka 1991, 3G Japani mwaka 2001, 4G Stockholm na Oslo mwishoni mwa 2009, na 5G ikawafikia watu wa kawaida Korea Kusini mwaka 2019. Tanzania tulianza kuiona 5G mwaka 2022. Ni kama kizazi kimoja kila miaka kumi.

Lakini, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tukiulizwa ni kizazi kipi kilichobadili maisha ya Newala, sisi tunajibu 2G, ingawa matangazo ya biashara hayapendi jibu hilo. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, haikudai simujanja wala bando. Bibi mwenye kitochi alibonyeza nyota, namba na reli, akapokea fedha kutoka kwa mwanawe aliyeko Dar es Salaam. Menyu ile hupita kwenye njia ambayo simu na mnara hutumia kupeana taarifa zao wenyewe, ndiyo maana hufanya kazi hata mahali ambapo picha ya WhatsApp inazunguka tu bila kufunguka. Anayebuni huduma ya mkulima leo na kuanza na programu ya simujanja peke yake, kwa maoni yetu, hajawahi kukaa kwenye ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima.

Na ghalani ndiko wengi wetu tulikoona kompyuta ikifanya kazi ya kweli. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo mkulima hukabidhi korosho ghalani, akapewa stakabadhi na kusubiri mnada, uliingia kwenye korosho mwaka 2007. Kwa muda mrefu wanunuzi waliandika bei kwenye karatasi na kuzitumbukiza katika sanduku la zabuni. Tangu msimu wa 2024/2025 mnada unaendeshwa kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania. Mnunuzi anaweka bei akiwa popote, bei zinaonekana kwenye skrini, na wakulima waliokusanyika ndio wanaokubali au kukataa. Tumewaona wazee ambao hawajawahi kugusa kibodi wakibishana juu ya tarakimu zilizopo kwenye skrini, kisha wakiwapigia simu ndugu zao wa kijiji kingine wawaambie bei. Hayo ndiyo mafunzo ya TEHAMA, na yametolewa bila mwalimu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu yetu haina vifaa vingi, lakini kijiografia tumebahatika. Wageni wakija Newala hupelekwa Shimo la Mungu kutazama bonde la Ruvuma na nchi ya Msumbiji ng'ambo. Sisi tulikwenda na simu ya mwalimu kupima mawimbi. Ndani ya mipangilio ya simu kuna namba ya desibeli yenye alama ya hasi: ikiwa hasi 70 mtandao ni mzuri, ikishuka kufikia hasi 110 hata sauti hukatika. Juu ukingoni, namba ilipendeza. Tulipoanza kuteremka, mwamba ukasimama kati yetu na mnara, na namba ikaanguka kabla hatujafika mbali. Wakazi wa bondeni hawahitaji kipimo hiki. Wanajua jiwe lipi la kusimamia ili kupiga simu, na wanajua kwamba ukizidi kusogea mtoni, simu yako inaweza kudaka mtandao wa Msumbiji na makato yakawa ya ugenini.

Pale ndipo tulipoelewa kwa nini 5G haitakuja kutuokoa. Masafa ya chini ya mawimbi ya redio, kama ya megahezi 800, hufika mbali na hupenya kuta na majani vizuri zaidi. Masafa ya juu, ambayo 5G huyategemea kwa kasi yake kubwa, hubeba data nyingi, lakini huishia karibu. Mji wenye watu wengi unaweza kujaza minara mifupi kila mtaa. Kijiji kilichopo chini ya ukingo kinahitaji mnara mmoja uliowekwa mahali sahihi, hata kama ni wa kizazi cha jana.

Tena huku kutotumia waya kuna mipaka yake. Hewani data husafiri kipande kifupi tu, kati ya simu na mnara, na pengine mnara hadi mnara. Baada ya hapo inaingia kwenye mkongo wa ardhini hadi Dar es Salaam, na nyingi inazama baharini kwenda nje ya nchi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, ziliharibika huko kusini mwa Bahari ya Hindi, na intaneti ikadorora nchi nzima. Siku chache kabla ya hapo, mvua za Kimbunga Hidaya zilikuwa zimekata barabara ya Kusini pale Somanga, mkoani Lindi. Mwezi ule watu wa Mtwara na Lindi tulijua maana ya kutegemea njia moja.

Kwa hiyo mwelekeo unaotuvutia zaidi si kasi. Ni kompyuta kufanya kazi papo hapo, mkononi, hata mtandao usipokuwepo. Mfano ni programu ya Nuru iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA. Unaelekeza kamera kwenye jani la muhogo, nayo inatambua dalili za magonjwa kama batobato na michirizi ya kahawia bila kuuliza intaneti. Ujuzi umekwishafungwa ndani ya simu. Kwa wilaya inayolima muhogo, hili lina uzito kuliko kushusha filamu kwa sekunde kadhaa.

Na mawasiliano ya ndani ya eneo moja hayahitaji kampuni yoyote. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliunganisha kompyuta za visiwani kwa redio, mtandao wa ALOHAnet. Kila kompyuta ilituma ilipotaka. Taarifa mbili zikigongana, kila upande ulinyamaza kwa muda wa kubahatisha kisha ukarudia, kama wazee wawili walioanza kusema kwa pamoja barazani. Waifai tunayoijua, ambayo kiwango chake cha kwanza kilitoka mwaka 1997, bado inakwepa migongano kwa wazo la ukoo huohuo.

Sasa ombi letu, Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Hatuombi wanafunzi turuhusiwe kuja na simu shuleni. Tumeshaona walimu wakitazamana, tunawatoa hofu. Tunaomba rauta moja ya waifai na kompyuta ndogo ya aina ya Raspberry Pi, ile iliyoanza kuuzwa mwaka 2012 kwa dola 35, tuiwekee mfumo wa Kolibri unaohifadhi masomo na kuyagawa darasani bila bando hata la shilingi moja. Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinavyopatikana kwenye Maktaba Mtandao yake vikipakuliwa mara moja, darasa zima litavisoma. Walimu wetu wanavyo vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022. Kwa wanafunzi tunaomba vingine, vifungiwe ofisini kwa Mwalimu wa Taaluma na kutolewa kwa kipindi. Paneli ya sola na betri vitatusaidia umeme unapokatika. Hili la sola tunaliweka mbele ya mengine yote, kwa sababu maabara yetu ya kompyuta hulala giza katikati ya somo.

La mwisho si la shule peke yake. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, una jukumu la kufikisha mawasiliano mahali ambapo kampuni hazioni faida, na umekuwa ukipeleka kompyuta katika shule za umma. Tumechora ramani ya maeneo ya bondeni tulikopima mawimbi yakapotea. Nakala tumeiambatisha kwenye risala hii. Tunaomba uwe mkono wetu wa kuifikisha kwenye Mfuko huo.

Wahitimu wanaotuaga leo ndio walioianza ramani hiyo, na wawili kati yao wamekubali kuja likizo kuimalizia upande wa Kitangari.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.