Barua ya wazi kwa Gavana wa Lamu: sisi tunaokuja Maulidi kwa miguu

Mheshimiwa Gavana,

Assalaam alaykum.

Wageni wa Maulidi kutoka Ngazija, Unguja na bara hupokewa vizuri, na hilo silalamikii. Nakuandikia kwa ajili ya sisi tunaotoka Kipungani, kijiji cha upande wa pili wa kisiwa, kwa miguu hadi msikiti wa Riyadha mjini Lamu, tukazuru kaburi la Habib Swaleh, mwanachuoni aliyeuasisi msikiti huo. Boti zipo, tunajua. Lakini aliyeweka nadhiri ya kutembea huwezi kumwambia apande boti.

Kutoka Kipungani unashika ufuo wa nje, karibu kilomita 12 za mchanga mtupu mpaka Shela, kisha kama kilomita 3 hadi mjini. Mara hii tulikuwa na wazee na watoto, tukachelewa kuondoka. Maji yakipwa, mchanga ni mgumu, unatembea kama uko sakafuni. Yakianza kujaa yanakufukuza juu, chini ya vilima vya mchanga, na huko mguu unazama hadi kifundoni. Pepo za kusi zilitupiga ubavu wa kulia, mchanga ukatuingia machoni, leso tulizojifunika zisisaidie kitu. Kivuli hakuna. Maji tuliyobeba yaliisha kabla ya adhuhuri. Aliyetuokoa ni mwenye punda mmoja, na maji yenyewe yalikuwa ya punda.

Na vilima hivyo tulivyokuwa tukivipita koo zimekauka ndivyo vinavyoweka maji ya kunywa ya mji wa Lamu! Mvua huzama mchangani, ikakaa chini, ikavutwa visimani.

Shela tukafika, tukaswali, tukadhani yamekwisha. Kumbe njia ya pwani ya kwenda mjini imefunikwa, maji yako ukutani. Tukapita tukilowa hadi magotini, viatu mkononi, watoto mabegani. Mzee mmoja akateleza kwenye mawe, akaumia goti.

Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu, maana lilijulikana kabla. Kilele cha Maulidi yetu huwa wiki ya mwisho ya Mfungo Sita (Rabiul-Awwal). Mwezi unakaribia kuandama, bamvua, yale maji makuu ya mwezi kuandama, linanukia, na pwani hii bamvua hujaa alasiri. Maulidi hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa kizungu, leo kusi, kesho kutwa kaskazi, lakini mwezi na maji haviachani. Nahodha yeyote wa Lamu atakwambia, na Mamlaka ya Bandari huchapisha jedwali la maji kila mwaka. Basi ratiba ya Maulidi itoke pamoja na saa za maji kujaa na kupwa, isomwe misikitini Kipungani, Matondoni na Shela, watu wajue watoke saa ngapi. Gharama yake ni karatasi.

Kati ya Shela na mji ipo pia njia ya ndani, ila mgeni haijui. Vibao vichache vinatosha. Na kule ufuoni, kwa wiki hiyo moja tu, tunaomba matangi mawili matatu ya maji, yapelekwe kwa mashua, na vibanda vya makuti vya kubomolewa baadaye.

Saruji hatutaki. Nalisema wazi, asije mtu akaichukua barua hii kuombea barabara nyuma ya vilima. Barabara ikipita, viwanja vitauzwa. Viwanja vikiuzwa, vitachimbwa vyoo juu ya maji tunayokunywa. Kama lazima tuchague, afadhali kiu yetu ya siku moja.

Mheshimiwa, kabla bajeti haijapitishwa, njoo utembee nasi, wewe mwenyewe, si msaidizi. Wazee wa Kipungani watakupokea usiku wa kuamkia safari. Tutatoka baada ya swala ya alfajiri, maji yakiwa yanapwa. Vaa viatu vyepesi kuvua.

Wako,
Mzuru wa Kipungani