Kabla ya kuhesabu ghorofa Kawe, hesabuni vyoo

Ndugu Mhariri,

Miaka yote nimekuwa msomaji wa kimya wa gazeti lako, hata pale mlipokosea jina la mtaa wetu. Lakini ile habari ya mji mpya kwenye eneo la Tanganyika Packers, Kawe, imenishinda. Mwandishi wako ametaja ghorofa, maduka, maegesho na bustani. Neno majitaka sikuliona, na habari yote nimeirudia nikiwa nimevaa miwani.

Sipingi ghorofa. Jiji lenye watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022 haliwezi kuendelea kutambaa kuelekea Bunju na Chanika kwa nyumba za chini, kila mtu na ukuta wake. Magomeni Kota zilivunjwa nyumba za kaya 644, zikajengwa nyumba 656 na Rais akazizindua Machi 2022. Pale mtu unaona walianza kwa kuhesabu watu. Hapa kwetu kiwanda cha nyama ya kopo kilishakufa zamani, eneo ni la Shirika la Nyumba la Taifa, zaidi ya ekari 260, nalo tumelizoea kwa mikutano ya kampeni na ya injili. Lijengwe, tena liishe, lisisimame miaka kama zile ghorofa za mradi wa Kawe 711 zilizoanza 2014. Ninachouliza ni familia ngapi kwa ekari, na aliyepiga hiyo hesabu alianzia wapi. Nionavyo mimi alianzia juu: ardhi ya Kawe ni ghali, basi ghorofa ziwe nyingi ili fedha irudi. Sisi tunaoishi huku tunajua hesabu inaanzia chini, kwenye chemba.

Jirani yangu kulikuwa na nyumba ya vyumba vinne na mwembe. Mwenyewe akauza, ikaota ghorofa nne. Kiwanja kilekile, karo lilelile. Masika iliyopita, usiku mvua ikipiga, nikasikia mlio wa pampu. Nikatoka na mwavuli. Mlinzi wa jengo, kajifunika gunia kichwani, ametumbukiza mpira mmoja kwenye chemba na mwisho wake ameuelekeza kwenye mfereji unaopita mbele ya geti langu. Anatapisha! Nikamuuliza anafanya nini, akanijibu kwa adabu zote, "Shikamoo mzee, si mvua inanyesha? Yanaondoka yenyewe haya." Hayakuondoka. Asubuhi yalikuwa barazani kwangu, yamezunguka miguu ya kiti ninachokalia kusomea gazeti lako, na wajukuu wakabebwa mgongoni hadi barabarani kwenda shule. Nikaenda serikali ya mtaa, wakanielekeza ofisi nyingine. Huko kijana mmoja akaangalia kompyuta, akasema jengo lina kibali na eneo limepangwa kuwa la ujazo mkubwa, yaani watu wengi kwenye eneo dogo, hivyo hakuna kosa. Halafu akaniuliza mimi kama nina kibali cha banda la kuku. Banda la kuku, Mhariri! Familia zote zile zinamwaga uchafu kwenye mfereji wa mvua, anayetakiwa kujieleza ni mwenye kuku.

Na wanaopangishwa humo wanalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, juu yake mwezi mmoja wa dalali ambaye kazi yake ilikuwa kufungua geti. Binti yangu alitafuta chumba hapahapa Kawe, kila anakopelekwa anatoa hela ya kuonyeshwa, vingine vilikuwa na mtu ndani anakula chakula chake. Hili nalo lina wenyewe huko serikalini, sijui wamelala wapi. Zikiuzwa nyumba za Packers kwa bei ya watu wa Masaki, watakaonunua watazipangisha, na dalali atakuwa yuleyule.

Nina pendekezo, na sitaki malipo. Kabla ya kukubaliana idadi ya familia, likodishwe gari moja la kunyonya majitaka. Liondoke viwanja vya Packers siku ya Ijumaa saa kumi na moja jioni, lipite Mwenge, liende kumwaga mabwawa ya Vingunguti, lirudi. Waliochora ramani wapande humohumo na dereva, vioo chini. Wakirudi watuambie gari moja linaweza kuhudumia familia ngapi kwa siku, na hiyo ndiyo idadi watakayoanza nayo. Wakisema watu watahudumiwa na bomba, vizuri sana, najua kuna mradi wa majitaka upande wa Mbezi Beach. Basi kila ghorofa inayoongezwa ioneshwe bomba lake kwenye ramani, kwa Kiswahili, ibandikwe kituo cha daladala Kawe na siyo kwenye tovuti, na ikae pale hadi masika ipite.

Kibali cha banda la kuku naendelea kukitafuta.

Mkazi wa Ukwamani,
Kawe, Dar es Salaam